Mpaka Mifumo Isomane

Maretadu ni kata ya Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, katika nchi ya Wairaqw, na makao makuu ya halmashauri yake yako Dongobesh. Mkazi wa huko anayedaiwa ada ya leseni ya biashara hupewa namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, ile ambayo watu wengi huiita kontroo namba. Anaiandika kwenye simu, anaweka namba ya siri, na muda si mrefu ujumbe unaingia kwamba malipo yamepokelewa. Nyuma ya ujumbe huo, mfumo wa kampuni ya simu, lango la malipo la Serikali na mfumo wa halmashauri vinaandikiana, vinahakiki sahihi za kila upande na vinajibizana.

Vitatu hivyo havikujengwa ili vijuane. Kila kimoja kilikuwa na mafundi wake, lugha yake ya programu na bajeti yake. Kufika hapo palipofikiwa kumechukua zaidi ya miaka ishirini, na anayeifuatilia historia hiyo ataona kuwa ufundi ulikuwa tayari mapema. Kilichochelewa ni uamuzi wa nani ana mamlaka ya kuwaambia wengine wote: barua zetu tutaziandika hivi.

Kila ofisi na kisiwa chake: hadi 1998

Wizara ya Fedha ilikuwa miongoni mwa ofisi za kwanza kutumia kompyuta Tanzania, katikati ya miaka ya 1960. Jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine lilikwenda vibaya, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Katazo hilo lililegezwa polepole katika miongo iliyofuata. Mlango ulipofunguka, kompyuta ziliingia moja moja, mara nyingi kwa mkono wa mradi fulani katika idara fulani, na mradi ulipoisha idara ilibaki na mfumo ambao haukujua kuwa kuna idara nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali Kuu ilianza kutunza hesabu zake kwa Epicor, programu iliyonunuliwa nje. Ilikuwa hatua kubwa, lakini nayo ilikaa peke yake.

Daraja kati ya visiwa hivyo lilikuwa mwananchi. Mlipaji alikwenda benki, akalipa, akarudi na hati ya benki ili apewe stakabadhi ya ofisi husika. Karani aliandika upya kile ambacho karani mwenzake alikuwa ameshakiandika. Kwa mtu wa kijijini Mbulu, gharama ya mifumo kutosomana ilihesabika kwa nauli, na nauli hiyo haikuonekana katika kitabu chochote cha Serikali.

Bahasha inapata umbo: 1998 hadi 2003

Wakati huo ulimwengu wa kompyuta ulikuwa unahangaika na tatizo lilelile kwa ukubwa mwingine. Njia zilizokuwepo za kuifanya programu moja iite huduma ya nyingine, CORBA na DCOM, zilitumia poti zao zenyewe kwenye mtandao. Wasimamizi wa mitandao walizifunga poti hizo kwa kuta za ulinzi. Njia moja tu ilikuwa wazi karibu kila mahali: HTTP, itifaki ambayo Tim Berners-Lee aliianzisha CERN, Geneva, kwa ajili ya kurasa za wavuti, na ambayo toleo lake la 1.1 lilichapishwa mwaka 1997 na kusafishwa mwaka 1999. Poti 80, na 443 kwa mawasiliano yaliyofichwa, zilikuwa zimeruhusiwa kwa sababu kila ofisi ilitaka kusoma wavuti.

Februari 1998 W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliidhinisha XML, namna ya kuandika data kwa maandishi ambayo mashine yoyote ingeweza kuyasoma. Mwaka huohuo Dave Winer, Don Box na wahandisi wa Microsoft walianza kubuni jinsi ya kusafirisha maandishi hayo ndani ya HTTP. Matokeo yake yakawa SOAP. Toleo la 1.1 liliwasilishwa W3C Mei 2000, na la 1.2 likaidhinishwa Juni 2003. Ujumbe wa SOAP ni bahasha yenye sehemu mbili: kichwa chenye maelezo ya usafirishaji na usalama, na mwili wenye ombi lenyewe. Mwaka 2001 ikaja WSDL, hati inayotaja kila huduma, kila sehemu ya ujumbe na anwani ya kuupeleka, ili fundi wa upande wa pili asibahatishe.

Hapo ndipo kazi ngumu ya kusanidi ilipoanzia. Toleo la 1.1 linataka aina ya ujumbe iandikwe text/xml, pamoja na kichwa cha HTTP kinachoitwa SOAPAction. Toleo la 1.2 linataka application/soap+xml, na SOAPAction haipo tena. Bahasha zenyewe zinatofautiana kwa anwani ya utambulisho iliyo katika mstari wa kwanza. Fundi mmoja akisanidi 1.1 na mwenzake 1.2, ujumbe unafika salama na kukataliwa, na wote wawili wanaapa kwamba mtandao ni mzima. Jibu la kosa nalo, kwa 1.1, hurudi na namba 500 ya HTTP. Kifaa cha katikati kilichosanidiwa kuzichukulia 500 zote kama kuanguka kwa seva kitaitupa bahasha iliyobeba maelezo ya kosa, na fundi atabaki gizani. Tena WSDL nyingi zilitolewa na seva zikiwa na anwani ya ndani ya ofisi, kiasi kwamba aliye nje alipoifuata hakufika popote.

Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa HTTP yenyewe, alikuwa ameeleza mwaka 2000, katika tasnifu yake ya uzamivu, mtindo mwingine alioupa jina la REST, unaotumia HTTP kama ilivyo. Mabenki na serikali hawakumsikiliza wakati ule. Walitaka mkataba ulioandikwa, na SOAP ilikuwa nao.

Kiungo cha katikati: 2003 hadi 2010

Taasisi yenye mifumo kumi, kila mmoja ukitaka kuzungumza na wenzake wote, inahitaji viunganishi 45. Kila mfumo mmoja ukibadilika, viunganishi tisa vinavunjika. Kutokana na hesabu hiyo ndogo likaja wazo la kuweka kiungo kimoja katikati, kinachopokea ujumbe wa kila mfumo, kuutafsiri, kuutia njiani na kuusubiria jibu. Programu iitwayo Mule, mojawapo ya viungo vya aina hiyo, ilianza mwaka 2003. Mwaka 2005 kampuni ya Sun ikaongoza kukamilika kwa kanuni iliyoitwa JBI, iliyokusudiwa kumwezesha fundi kununua vipande kutoka kwa watengenezaji mbalimbali na kuvichomeka katika kiungo kimoja. Apache ServiceMix ilikuwa mojawapo ya programu zilizoitekeleza, na kipande chake cha HTTP na SOAP kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu maamuzi aliyolazimika kuyafanya fundi wakati ule ndiyo yaleyale yanayofanywa leo kwa zana nyingine.

Uamuzi wa kwanza ni upande. Ncha ya HTTP ama inasikiliza maombi kutoka nje na kuyaingiza ndani, ama inachukua maombi ya ndani na kuyapeleka kwenye anwani ya nje. Anayetaka yote mawili anasanidi ncha mbili, kila moja na anwani yake. Uamuzi wa pili ni bahasha. Katika ServiceMix kulikuwa na sehemu ya kusema soap ni kweli au si kweli. Ikiwa kweli, kipande huivua bahasha na kupitisha mwili peke yake, kisha huivisha tena ujumbe unapotoka. Fundi akisahau hilo upande mmoja, ujumbe hutoka ukiwa na bahasha ndani ya bahasha, au uchi kabisa. Uamuzi wa tatu ni kama ujumbe unasubiri jibu au hausubiri. Taarifa ya malipo ikisanidiwa kuwa ya kwenda tu, aliyeituma hatajua kamwe kama ilipokelewa.

JBI haikudumu. IBM na BEA, waliokuwa wakubwa wa soko hilo, hawakuiunga mkono, na toleo lake la pili halikukamilika. Mwaka 2007 ikatokea Apache Camel, nyepesi zaidi, na ServiceMix yenyewe ikahamia huko. Naona JBI ilianguka kwa ajili ya kile kile kilichoikwamisha mifumo ya kwetu: ilikuwa kanuni nzuri isiyokuwa na mtu wa kuwalazimisha wakubwa waifuate.

Simu zinatangulia: 2008 hadi 2016

Afrika Mashariki msukumo haukutoka serikalini. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania, kupitia Vodacom, Aprili 2008. Tigo Pesa ikafuata mwaka 2010. Katika muda huohuo nyaya za baharini za SEACOM, mwaka 2009, na EASSy, mwaka 2010, zilifika Dar es Salaam, na Serikali ikatandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani. Ghafla mtu wa Maretadu alikuwa na namna ya kulipa akiwa kwake. Kilichokosekana ni aliyelipwa kujua kwamba amelipwa, bila mtu kukaa akisoma ujumbe mmoja mmoja.

Kenya ilionyesha njia, na ugumu wake pia. Mwaka 2015 Safaricom ilihamia jukwaa jipya la M-Pesa na kuwafungulia wafanyabiashara mlango wa mifumo kuwasiliana, na mlango huo ulikuwa wa SOAP. Kampuni changa za Nairobi zilijikuta zikijifunza bahasha, WSDL na vyeti vya usalama ili tu zijue mteja amelipa. Waliofaulu walikuwa wale wenye mafundi wazuri. Mwaka 2017 Safaricom ikatoa Daraja, mlango mpya unaotumia REST na JSON, na fundi aliyesumbuka wiki kadhaa aliona kazi yake ikiwa nyepesi mno.

Miaka hiyo ilifundisha jambo ambalo hakuna kanuni ya W3C iliyolitilia mkazo wa kutosha: ukimya. HTTP husubiri jibu kwa muda uliowekwa, kisha hukata. Kukatika hakumaanishi kwamba malipo hayakufanyika. Inawezekana yalifanyika na jibu likapotea njiani. Mfumo uliosanidiwa kurudia ombi kila usipojibiwa unaweza kumkata mteja mara mbili. Dawa yake ni kila ombi kubeba namba yake ya pekee, na mpokeaji kukataa kuifanyia kazi namba hiyohiyo mara ya pili. Leo jambo hili linaonekana dogo, lakini kuna watu waliopoteza fedha kabla halijaeleweka.

Tanzania nayo ilipiga hatua yake. Mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kuruhusu wateja kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mtandao mmoja na mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kukubaliana nani anabeba hasara muamala ukikwama katikati.

Mlango mmoja wa fedha za umma: 2017

Upande wa Serikali hali ilikuwa bado ya visiwa. Kila taasisi ilikuwa na akaunti zake katika mabenki ya biashara na makubaliano yake na kampuni za simu. Hazina haikuweza kuona kwa siku hiyohiyo kiasi kilichokusanywa. Ili kampuni moja ya simu iihudumie taasisi moja ilibidi kujenga kiunganishi kimoja. Taasisi mia zilihitaji mia.

Julai 2017 Wizara ya Fedha ilianza kutumia GePG, lango la malipo ya Serikali kwa njia ya kielektroniki, lililojengwa na wataalamu wa ndani. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikazitaka taasisi za umma zikusanye kupitia lango hilo. Hicho kifungu cha sheria ndicho nikionacho kuwa mgeuko mkuu wa historia hii yote. XML ilikuwa na miaka 19 na SOAP inakaribia hiyo. Hakuna kilichovumbuliwa mwaka 2017, ila safari hii alikuwepo mwenye mamlaka ya kusema kuwa mkataba ni mmoja.

Mkataba wenyewe ulichukua sehemu ya SOAP na kuacha nyingine. Ujumbe ni XML juu ya HTTP, lakini bila bahasha ya SOAP. Badala yake kuna vichwa viwili vya HTTP, Gepg-Com na Gepg-Code, vinavyosema ujumbe ni wa aina gani na unatoka kwa nani, na ndani ya XML yenyewe mna sahihi ya kidijitali iliyotengenezwa kwa ufunguo wa siri wa taasisi. Nauheshimu uamuzi huo. Halmashauri yenye ofisa TEHAMA mmoja iliweza kuunganisha mfumo wake kwa PHP au Java bila kununua zana kubwa, na bado Hazina ilikuwa na uthibitisho wa nani aliandika nini. Mamlaka ya Mapato, TRA, katika risiti zake za kielektroniki za VFD, ilikwenda njia hiyohiyo: XML yenye sahihi, na vichwa vya HTTP vya kuelekeza ujumbe.

Mwendo wake unahitaji subira. Mfumo wa halmashauri hupeleka bili, na jibu la papo hapo ni kukiri kupokea tu: namba 7101 ikimaanisha kwamba imepokelewa sawasawa. Kontroo namba yenyewe huja baadaye, GePG ikiigongea hodi halmashauri kwenye anwani iliyosajiliwa, na halmashauri nayo inatakiwa kukiri. Mwananchi akilipa, GePG hugonga tena. Kwa hiyo taasisi haiwezi kuwa mwombaji tu. Lazima iwe na ncha inayosikiliza, inayofikika kutoka nje, yenye ukuta wa ulinzi unaomruhusu mgeni mmoja na kuwazuia wengine.

Palipowatoa mafundi jasho ni kwenye sahihi. Sahihi hukokotolewa juu ya herufi zilezile zilizotumwa, nafasi na mistari ikiwemo. Kiungo cha katikati kikiisoma XML na kuiandika upya kwa mpangilio mzuri zaidi, maana haibadiliki hata kidogo na sahihi inakataliwa. Mazoea ya miaka ya ServiceMix, ambapo kazi ya kiungo ilikuwa kufungua, kutafsiri na kufunga upya, hapa yaligeuka kuwa kosa. Ujumbe ulitakiwa upite bila kuguswa.

Matokeo yalionekana hadi vijijini. Halmashauri zilikuwa na LGRCIS, mfumo wa TAMISEMI wa makusanyo, na baadaye TAUSI ikachukua nafasi yake. Mashine za mkononi za kukusanyia ushuru, POS, zikaenda minadani na kwenye vizuizi vya mazao, ambako mahindi na vitunguu saumu vya Mbulu hulipiwa ushuru. Hapo pia ndipo palipoonekana ukomo wa mashine. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amerudia katika ripoti zake kuzitaja halmashauri ambazo fedha zilikusanywa kwa POS na hazikupelekwa benki. POS ilieleza kwa usahihi kiasi kilichokusanywa, lakini noti zilikuwa mkononi mwa mtu.

Baada ya fedha, taarifa: 2019 hadi sasa

Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanza mwaka 2012, ilipewa nguvu zaidi na Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya 2019, ikawa Mamlaka. Ndiyo iliyotengeneza GovESB, mfumo wa taasisi za umma kubadilishana taarifa, ambao kimsingi ni lile wazo la kiungo cha katikati la mwaka 2003 likiwa sasa na sheria nyuma yake. Rais Samia Suluhu Hassan amesisitiza mara kadhaa hadharani kwamba mifumo isomane, na kauli hiyo imeingia katika mazungumzo ya kila ofisi ya umma.

Wananchi wengi walikutana na kusomana huku kwenye usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019. Wakala wa simu aliweka kidole cha mteja kwenye mashine, na kanzidata ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ikajibu kama ni yeye. Laini za ambao hawakusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Mtu asiyekuwa na namba ya NIDA, na vijijini walikuwa wengi, aligundua kwamba mfumo mmoja ukitegemea mwingine, pengo la mmoja linakuwa pengo la wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ilikuja baada ya milango hiyo kufunguliwa. Ningependa ingetangulia, maana ni vigumu zaidi kuipunguzia taasisi taarifa ilizozoea kuzipata kuliko kuinyima tangu mwanzo.

Afya ndiyo inayofuata. Wizara ya Afya imejenga mpatanishi wake wa taarifa juu ya OpenHIM, programu huria, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Wilaya ya Mbulu ina Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, ambayo si ya Serikali na imekuwa ikitegemewa na watu wa mbali. Bima ya wote ikitekelezwa, hospitali kama hiyo na zahanati za vijijini zitatakiwa kuuliza swali moja kwa mifumo kadhaa: huyu ni nani, na je, bima yake iko hai?

Utaratibu wa GePG wa kukiri kwanza na kujibu baadaye ulifaa kwa bili, kwa sababu bili inaweza kungoja. Mama mwenye uchungu hawezi. Kabla fundi hajasanidi ncha ya zahanati isubiri jibu sekunde 10 au 30, Wizara na mfuko wa bima wanapaswa kuandika katika mkataba wao kwamba jibu lisipofika kwa wakati mgonjwa anatibiwa, kumbukumbu inahifadhiwa hapo zahanati hadi mtandao urudi, na gharama inalipwa na mfuko hata kama baadaye itaonekana kadi yake ilikuwa imeisha.